Nusu Saa Ndani ya Ukumbi wa Oscar: Jiandae Hivi

Anayekwenda Hollywood kutembelea Dolby Theatre akitegemea kukuta zulia jekundu limetandikwa atatoka amenuna. Zulia halipo. Nyota hawapo. Jukwaani huenda akakuta vyuma na nyaya za tamasha la watu wengine kabisa. Na ziara yenyewe, ile ya kutembezwa na mwongozaji, huchukua takriban nusu saa. Hujakaa sawa, mnaelekezwa mlango wa kutokea.

Sababu ni rahisi. Dolby Theatre si mali ya Akademi ya Filamu inayotoa tuzo za Oscar. Ni ukumbi wa kukodishwa. Akademi huuchukua kwa wiki chache kila mwaka, huupamba, hufanya sherehe yake ya usiku mmoja, kisha mapambo hubomolewa na maisha yanaendelea. Ukumbi uleule umewahi kupokea fainali za American Idol, mashindano ya America's Got Talent na wanasarakasi wa Cirque du Soleil. Kinachobaki mwaka mzima ni jengo, viti na kumbukumbu. Jengo na viti utavitazama kwa dakika kumi ukamaliza. Kumbukumbu ndizo unazozilipia, na hizo hazitakufaa kitu kama hukuzijua kabla ya kuingia.

Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa chini, wa tarehe, tiketi, usafiri na mengineyo, unaegemea neno moja: ziara hii hupangwa nyumbani.

Anza na tarehe

Sherehe ya Oscar kwa kawaida huangukia kati ya mwishoni mwa Februari na katikati ya Machi. Wengi hudhani huo ndio wakati mzuri wa kwenda. Ni kinyume chake. Siku nyingi kabla ya sherehe mafundi huanza kazi, ziara husimamishwa, na kipande cha Hollywood Boulevard kilicho mbele ya ukumbi hufungwa ili zulia litandikwe na mahema yasimikwe. Utaona uzio na walinzi, basi. Tiketi za sherehe yenyewe haziuzwi kwa umma, hivyo usitumie pesa kwa mtu anayedai anazo.

Ikiwa lengo lako ni kuingia ndani, epuka Februari na Machi. Miezi mingine nayo si salama kabisa, kwa sababu ukumbi ukipata mpangaji wa tamasha, ziara za siku hiyo zinaweza kufupishwa au kufutwa. Njia ya kujikinga ni kutazama ratiba kwenye tovuti ya ukumbi mara mbili: unapopanga safari, na tena siku moja kabla ya kwenda. Usiiweke ziara kwenye siku ya mwisho ya safari yako. Ukiiweka siku za mwanzo na ikafutwa, bado una siku za kurudi.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, suala la viza litangulie yote. Masharti ya kuingia Marekani yamekuwa yakibadilika, na hayafanani kwa kila nchi. Usilipie hoteli isiyorudisha pesa wala tiketi ya ziara kabla hujajua msimamo wa ubalozi kwa mwenye pasipoti kama yako.

Tiketi na saa

Tiketi ya mtu mzima imekuwa ikizunguka dola 25, na wazee na watoto hulipa pungufu. Hakikisha bei kwenye tovuti yenyewe. Hollywood Boulevard imejaa wauza ziara wa kila aina, na baadhi ya vifurushi vyao hupita nje ya ukumbi tu na kuliita hilo "kutembelea Oscar". Kabla ya kulipa uliza swali moja: tunaingia ndani au hatuingii?

Ukinunua ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, kumbuka kwamba saa zilizoandikwa ni za Los Angeles, iliyo nyuma yetu kwa saa 10 wakati wao wa kiangazi na saa 11 wakati wao wa baridi. Ndiyo sababu Oscar ya Jumapili jioni kwao tunaitazama alfajiri ya Jumatatu kwetu. Kwa anayetua kutoka safari ndefu hivyo, ziara ya siku ya kwanza ni kujitesa. Mwili utakuwa bado uko kitandani Afrika Mashariki. Lala usiku mmoja kwanza.

Chukua ziara ya asubuhi. Barabara inakuwa haijajaa, na ukimaliza unabaki na mchana mzima wa kutembelea majirani wa ukumbi, ambao kwa kweli ni nusu ya shughuli.

Chagua sherehe zako kabla ya kwenda

Hapa ndipo watu wengi hupunja safari yao. Ukumbi ulifunguliwa Novemba 2001 ukiitwa Kodak Theatre. Kampuni ya Kodak ilipoomba kinga ya kufilisika mwaka 2012 jina liliondolewa, na mwaka huohuo Dolby ikachukua nafasi. Kwa hiyo ukisoma habari za Oscar za Kodak Theatre, ni humohumo. Tangu Machi 2002 sherehe zimefanyika hapa, isipokuwa ile ya Aprili 2021 ambayo, kwa sababu ya korona, sehemu kubwa ilihamia kituo cha treni cha Union Station.

Katika miaka hiyo yote, usijaribu kubeba kila kitu kichwani. Chagua sherehe tatu au nne zinazokugusa, tazama vipande vyake kwenye intaneti, na uingie ukijua unachokitafuta. Msomaji wa Kiswahili ana za kuchagua.

Ipo ya Machi 2, 2014. Lupita Nyong'o alipanda jukwaa hili kupokea tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave, akawa Mkenya wa kwanza kushinda Oscar. Usiku huohuo mshereheshaji Ellen DeGeneres alishuka kwenye viti vya mbele na kukusanya nyota kwa picha ya simu iliyosambaa dunia nzima. Itazame tena kwa makini: katikati ya Brad Pitt na Meryl Streep na wenzao, amejipenyeza kijana wa Kikenya, Peter, mdogo wake Lupita. Ukifika ukumbini, muulize mwongozaji picha ile ilipigwa kwenye viti gani.

Ipo ya Februari 2019. Hapakuwa na mshereheshaji mwaka ule. Sherehe ilifunguliwa na bendi ya Queen wakiwa na Adam Lambert, na baadaye Rami Malek akatwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa kumwigiza mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. Usiku uleule Black Panther iliondoka na tuzo tatu, zikiwemo za mavazi na usanifu wa mandhari.

Ipo ya 2007, Forest Whitaker aliposhinda kwa kumwigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa Uganda na iliyomlazimu kujifunza Kiswahili. Ipo ya 2006, Rachel Weisz aliposhinda kwa The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya, Kibera ikiwemo. Ipo ya 2003, filamu ya Kijerumani Nowhere in Africa, kuhusu familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya, ilipotwaa tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Hata walioshindwa wamo: Watu Wote, filamu fupi kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi lao liliposhambuliwa Mandera, iliwania hapa mwaka 2018, na makala ya filamu kuhusu Bobi Wine iliwania mwaka 2024.

Na kama utachagua moja tu isiyo ya kwetu, chagua ya kwanza kabisa ya ukumbi huu, Machi 24, 2002. Halle Berry akawa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike, Denzel Washington akashinda upande wa wanaume, na Sidney Poitier akapewa tuzo ya heshima, vyote katika usiku mmoja.

Ndani: tazama haya

Lango linaanzia barabarani, unapita kwenye njia pana yenye ngazi kuelekea mlango wa ukumbi. Nyota huipita njia hiyohiyo wakitoka kwenye zulia. Pembeni kuna nguzo zilizoandikwa majina ya filamu zilizoshinda tuzo ya filamu bora, mwaka kwa mwaka. Wengi hupiga picha filamu wanayoipenda na kusonga mbele. Wewe simama ukatazame nguzo za mwishoni. Nafasi zimeachwa tupu hadi mwaka 2071, zikisubiri majina ya filamu ambazo baadhi ya watakaozitengeneza hawajazaliwa.

Ndani, kitu cha kwanza kukushangaza kitakuwa ukubwa, au tuseme udogo. Televisheni huufanya ukumbi uonekane kama uwanja wa mpira. Kwa kweli una viti takriban 3,400 vilivyopangwa kwa ghorofa, na mbunifu David Rockwell aliwakusanya watazamaji karibu na jukwaa kwa mfano wa kumbi za opera za Ulaya, kusudi kamera zipate nyuso za watu na hisia zao. Jukwaa kwa upande wake ni miongoni mwa makubwa Marekani. Ukisimama ukalinganisha hayo mawili, viti vilivyobanana na jukwaa pana, utaelewa kwamba jengo hili lilichorwa kuwa studio ya televisheni tangu mwanzo. Zipo njia za nyaya na nafasi za mitambo katikati ya viti ambazo ukumbi wa kawaida wa maonyesho hauna.

Utaonyeshwa pia sanamu halisi ya Oscar nyuma ya kioo. Ina urefu wa sentimita 34 hivi na uzito unaokaribia kilo nne. Ni shaba iliyopakwa dhahabu. Huruhusiwi kuishika. Ukikumbuka uzito huo, utawaelewa washindi wanaoishika kwa mikono miwili huku wakihangaika na karatasi ya shukrani.

Kuhusu picha, uliza kabla hujainua simu. Kwa muda mrefu utaratibu wa ziara umekuwa mkali kuhusu kupiga picha ndani, na mwongozaji ndiye atakayekueleza wapi inaruhusiwa siku hiyo. Sehemu za nyuma ya jukwaa nazo hutegemea nani amekodi wiki hiyo.

Maswali yanayomfungua mwongozaji

Mwongozaji ana maelezo aliyoyakariri, na atayatoa kwa mtiririko uleule kwa kila kundi. Mgeni mwenye swali zuri humtoa kwenye mtiririko huo. Usimuulize ni nyota gani amewahi kukutana naye. Ameulizwa hilo mara elfu. Muulize shughuli inavyoendeshwa.

Muulize habari za wajaza viti. Nyota anapotoka kwenda msalani au nyuma ya jukwaa, kiti hakiruhusiwi kuonekana kitupu kwenye kamera, kwa hiyo wapo watu waliovalia suti na magauni ambao kazi yao ni kukimbilia kiti hicho na kukiachia mwenyewe akirudi.

Muulize habari za bahasha. Kila tuzo huwa na bahasha mbili zinazofanana, seti moja kila upande wa jukwaa, mikononi mwa wahasibu, ili mtoa tuzo aweze kuingilia upande wowote. Mpango huo wa tahadhari ndio uliozaa kizaazaa cha Februari 2017: Warren Beatty na Faye Dunaway walikabidhiwa nakala ya bahasha ya tuzo iliyokwisha kutolewa, ya mwigizaji bora wa kike, La La Land ikatangazwa filamu bora, na watu wakiwa jukwaani wanashukuru ikabainika mshindi ni Moonlight. Muombe akuonyeshe bahasha hukaa upande gani. Hapo ndipo ukumbi mtupu unapoanza kujaa watu.

Kufika bila kupoteza pesa

Kama una gari, chini ya jengo la maduka linaloitwa Ovation Hollywood, ambalo ukumbi umo ndani yake, kuna maegesho. Tunza risiti ya maegesho na uulize kaunta ya tiketi au dukani kama wanaigonga mhuri wa punguzo.

Asiye na gari ana njia nzuri zaidi. Treni ya chini ya ardhi, laini B, ina kituo cha Hollywood/Highland, na ngazi zake zinakutoa palepale kwenye jengo. Kutoka uwanja wa ndege wa LAX kuna basi la FlyAway hadi Union Station, na hapo ndipo laini B inapoanzia. Ukipita Union Station, inua macho utazame ukumbi wake wa zamani wa tiketi: ndiko ilikofanyika ile Oscar ya korona.

Mlangoni pa kutokea

Ukitoka usikimbilie treni. Kabla hujaondoka kwenye jengo, tafuta ukutani nyota ya Muhammad Ali. Barabara nzima imetandazwa nyota za waridi zenye majina ya watu maarufu, zaidi ya 2,700, na zote ziko chini, watu wanazikanyaga. Ya Ali peke yake iko ukutani. Alipotunukiwa mwaka 2002 hakutaka jina la Mtume Muhammad likanyagwe na wapita njia, akasikilizwa. Mwongozaji anaweza asiitaje, kwa hiyo iandike kwenye orodha yako.

Hatua chache kuelekea magharibi ni TCL Chinese Theatre, sinema iliyofunguliwa mwaka 1927, uani kwake kukiwa na alama za mikono na nyayo za waigizaji kwenye saruji. Hapo hakuna kiingilio. Weka kiganja chako juu ya cha yeyote umpendaye. Vuka barabara ufike hoteli ya Hollywood Roosevelt. Katika ukumbi wake wa Blossom, Mei 16, 1929, zilitolewa tuzo za kwanza kabisa: wageni 270 hivi, tiketi dola 5, na utoaji wote ulichukua kama dakika 15. Mwenye miguu imara na afuate nyota kuelekea mashariki hadi aione ya Queen, ya mwaka 2002.

Tahadhari mbili za barabarani. Watu waliovaa kama Spider-Man au Marilyn Monroe hawako pale kwa mapenzi ya sinema. Ukipiga nao picha watadai bakshishi, kwa hiyo patana kwanza au pita. Na kijana akikutilia mkononi CD "ya bure", mrudishie papo hapo, kwani dakika inayofuata itakuwa na bei.

Ziara ikifutwa

Ikitokea, usikae kulalamika kwenye kaunta. Nguzo za nje, nyota ya Ali, Chinese Theatre na Roosevelt vyote vinafikika bila tiketi ya ukumbi. Kisha panda basi au teksi hadi Wilshire Boulevard, kona ya Fairfax, kwenye Jumba la Makumbusho la Akademi lililofunguliwa Septemba 2021. Hili ndilo mali ya Akademi yenyewe, na vitu ambavyo wengi huvitafuta Dolby bila kuvipata, yaani mavazi, michoro, sanamu walizopewa washindi, viko huku. Kwa nyongeza ya malipo utasimamishwa kwenye jukwaa la kuigiza, ukabidhiwe Oscar ya kweli na urekodiwe. Walio na umri wa miaka 17 kushuka chini wameingia bila kiingilio tangu lilipofunguliwa, jambo linalofaa familia. Angalia siku za kufungwa kabla ya kwenda. Kwa hakika, mwenye siku moja tu na asiyejali sana ukumbi, na aanzie makumbusho.

Kwa mwenyeji wa ugenini

Wengi watakaofika pale si watalii waliotoka nyumbani kwa ajili ya Oscar. Ni mama au baba aliyekuja kumtembelea mwanawe anayeishi California, na mtoto anatafuta pa kumpeleka mzazi Jumamosi. Kwa huyo mwenyeji: usimpeleke mzee asubuhi na kumweleza njiani. Siku chache kabla, keti naye mtazame video ya Lupita akipokea tuzo, mtazame Queen wakifungua sherehe, kama ni mtu wa Unguja atakuwa na la kusema. Mweleze kisa cha nyota ya Ali. Piga simu ukumbini uulize lifti iko wapi na kama kuna pa kuketi, maana ziara ni ya kusimama na kutembea, na ngazi zipo. Beba maji ya kunywa akiwa nje na pangeni chakula mara baada ya ziara. Halafu mkiwa ndani, acha maswali ayaulize yeye, nawe uwe mkalimani tu. Kundi lenye mzee anayetaka kujua Lupita alikaa kiti gani, mwongozaji halipitishi haraka.